Tangazo la Shingoni: Watoro na Karatasi Zao, kutoka Rabai hadi Nairobi

Pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Mtaa wa Loita, katikati ya Nairobi, pana jengo la mawe ambalo wengi hulipita mbio wakiwahi matatu za Kangemi na Kawangware. Lilijengwa 1913 na Gurdit Singh, na hadi 1935 hapakuwa na jengo mjini lililolizidi urefu. Kwanza lilikuwa ghala la reli. Leo ni tawi la benki. Jina lililolishika, hata hivyo, ni Kipande House. Katikati ya kazi hizo mbili liligeuzwa kituo ambako wanaume Waafrika walisajiliwa, wakapakwa wino vidoleni, wakapewa karatasi ya kuvaa shingoni.

Tumezoea kuambiwa kwamba karatasi hiyo ndiyo babu wa kitambulisho chetu. Nasaba hiyo ni ya kweli, ila inaipamba mno. Kitambulisho huulizwa wewe ni nani. Kipande kiliulizwa umetoka kwa bwana gani, na je, alikuruhusu kuondoka? Kilibuniwa kwa ajili ya mtoro, na ukoo wake halisi uko mbali na ofisi za usajili. Uko kwenye magazeti ya Marekani ya karne ya 18, kwenye vijiji vya waliokimbia utumwa nyuma ya Malindi na Mombasa, na kwenye misafara ya mapagazi iliyopiga kambi Dagoretti kabla Nairobi haijazaliwa.

Matangazo ya Marekani, 1704–1865

Gazeti la Boston News-Letter lilitoka mara ya kwanza Aprili 1704, na mwaka huohuo likaanza kuchapisha matangazo ya kutafuta watu waliowatoroka mabwana zao. Biashara hiyo ilidumu hadi utumwa ulipopigwa marufuku nchini humo mwaka 1865. Benjamin Franklin, anayesifiwa hadi leo kwa hekima yake, aliyachapisha katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette na kupokea malipo yake kama kawaida.

Muundo wa tangazo haukubadilika sana. Jina, umri, kimo, rangi ya ngozi, nguo alizoondoka nazo, ufundi anaoujua, lugha anazozungumza, kisha zawadi kwa atakayemrudisha. Mwaka 1769 Thomas Jefferson alitangaza katika Virginia Gazette kwamba amemkosa Sandy, fundi viatu, mtu wa mkono wa kushoto, aliyeondoka na farasi na zana zake za kazi. Zawadi ilipanda kadiri ambavyo Sandy angekuwa amekwenda mbali: shilingi 40 akikamatwa katika wilaya, pauni 4 kwingineko ndani ya koloni, pauni 10 nje yake. Miaka saba baadaye Jefferson huyohuyo aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwaka 1796 Ona Judge aliondoka katika nyumba ya Rais George Washington mjini Philadelphia familia ikiwa mezani, na msimamizi wa nyumba akatangaza dola 10 kwa atakayemleta. Hakuletwa. Alifia New Hampshire mwaka 1848, sheria ikiwa bado inamhesabu kuwa mali ya watu.

Matangazo hayo yaliwaumbua walioyaandika. Ili mtu atambuliwe, ilibidi bwana ataje alama za mijeledi mgongoni, chapa ya moto shavuni, sikio lililokatwa. Ilibidi akiri pia kwamba mtu aliyemwita mali anajua kusoma, kupiga fidla, kuzungumza lugha mbili, kujiandikia pasi ya bandia. Nguvu yote ya tangazo ilikuwa kwenye macho ya wageni: mwenye baa, mvushaji wa mto, mkulima wa njiani. Bila wasomaji wengi walio tayari kumtazama mpita njia kwa jicho la mwindaji, karatasi ile isingefaa kitu.

Pwani isiyo na gazeti, 1875–1907

Kwenye pwani yetu mabwana hawakuwa na gazeti, lakini watoro walikuwepo tele. Mashamba ya nafaka ya Malindi na minazi ya Mombasa yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa na kwingineko bara, na walioponyoka walijenga vijiji vyao msituni. Fuladoyo, nyuma ya Kilifi, ilikuwa mojawapo. Makongeni ilikuwa nyingine. Hapo Wagiriama na watoro waliishi pamoja, wakilima na kusali, na silaha zao zikiwa karibu. Mwaka 1883 wenye watumwa waliishambulia Fuladoyo, wakamkamata mwalimu wa dini David Koi na kumuua.

Wengine walikimbilia misheni. Chama cha Kimisheni cha Kanisa la Uingereza kilianzisha Freretown mkabala na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kwa sheria, waliotoroka mashamba ya jirani hawakuwa na nafasi pale, kwa kuwa utumwa wenyewe bado ulikuwa halali katika milki ya Sultani wa Unguja. Walikuja hata hivyo, hasa Rabai. Mabwana walituma wajumbe, waliandika barua kwa liwali na kwa balozi, walitishia kuvamia. Tangazo lao lilikuwa mtu kwa mtu, mdomo kwa mdomo, na lilifika.

Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilipopewa pwani mwaka 1888, mkuu wake George Mackenzie aliukuta mgogoro huo ukitokota. Akaamua kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, zaidi ya watu 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru. Hiyo ni siku ya furaha na ninaiandika kwa furaha, ila msomaji asipitwe na jambo moja. Watu wale walikuwa wameshajikomboa kwa miguu yao, baadhi yao miaka mingi kabla. Kuanzia asubuhi hiyo uhuru wao uliishi ndani ya karatasi, na asiyekuwa na karatasi alirudi kuwa mtoro.

Mwaka uliofuata Frederick Lugard, akiwa mtumishi wa kampuni, aliwapatia watu wa Makongeni mpango wa kujikomboa kwa kazi: wajenge vituo kando ya Mto Sabaki, wabebe mizigo, na ujira ulipe fidia ya mabwana. Mtoro akageuka kibarua mwenye deni. Utumwa wenyewe haukukosa hadhi ya kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907, miaka 10 baada ya Unguja na Pemba.

Dagoretti na Kabete, 1890–1899

Kutoka Sabaki, Lugard aliendelea bara. Oktoba 1890 alijenga boma Dagoretti, baada ya kula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa hapo. Boma hilo halikumaliza mwaka. Wakikuyu waliokasirishwa na wizi na ujeuri wa watu wa kampuni walilizingira hadi likaachwa, nalo likachomwa. Mwaka 1891 Kapteni Eric Smith alijenga jingine Kabete, likaitwa Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa hapo, akapelekwa pwani chini ya ulinzi, akafia Kibwezi njiani.

Habari za maboma haya husimuliwa kwa kawaida kama habari za Waiyaki na Wazungu. Wanaosahauliwa ni waliobeba mizigo. Misafara ya kwenda Uganda ilikuwa na mamia ya mapagazi kutoka Mombasa na Unguja, na miongoni mwao walikuwemo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ambao sehemu ya ujira wao, mara nyingi nusu, ilikwenda kwa bwana. Pagazi alilipwa sehemu ya mshahara kabla ya safari. Akiutupa mzigo porini na kutokomea, alikuwa amemtoroka mwenye msafara, na kama alikuwa mtumwa wa kukodishwa, amemtoroka na bwana wake pia. Dagoretti ilikuwa mahali pazuri pa kutoroka: chakula kilikuwa tele, msitu uko karibu, na mbele yake ni nyika ya Wamasai ambako hakuna aliyetamani kufika. Viongozi wa misafara walijibu kwa bunduki za walinzi, kwa viboko na kwa daftari la majina.

Mtu mmoja wa eneo hilo alijifunza mapema thamani ya kazi ya watu. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyeanza kwa kuitumikia misafara na maafisa wa Fort Smith, alipanda hadi kuwa chifu mkuu, mwenyeji wa Riruta na Dagoretti. Serikali ilimtegemea kwa mengi, na mojawapo lilikuwa kupata vibarua. Alifariki 1929, akiwa amewahi kuuona Mji wa Nairobi ukiwa tope tupu, reli ilipofika Mei 1899, na kuuona ukiwa makao makuu ya koloni.

Bwana na mtumishi, 1902–1914

Walowezi walipopewa ardhi Kiambu, Limuru, Kabete na Ngong, walipewa ardhi isiyokuwa na wa kuilima. Serikali ilisaidia kwa kodi: kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne, kisha kodi ya kichwa 1910. Kijana asiye na mke wala nyumba sasa alidaiwa fedha, na fedha zilipatikana shambani kwa mzungu. Kupata watu kukawa rahisi kidogo. Kuwashika ndiko kulikokuwa kazi.

Zilitangulia kanuni za mapagazi na vibarua za 1902. Mwaka 1906 ikaja Sheria ya Bwana na Mtumishi, ikafanyiwa marekebisho 1910. Chini yake, kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakukuwa ugomvi wa malipo wa kuamuliwa kwa madai ya kawaida. Kulikuwa jinai, ya faini au jela. Sheria za namna hiyo zilikuwa za Uingereza, na Uingereza yenyewe ilikuwa imezifuta mwaka 1875, kwa kuona haya kumfunga Mwingereza kwa sababu ya kuacha kazi. Haya hiyo haikuvuka Mfereji wa Suez.

Kwa nini watu walitoroka? Hapa inafaa kuitazama tikiti. Kibarua wa shamba alipewa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila jioni mwajiri au nyapara alitia alama kwamba kazi ya siku imekwisha. Mshahara wa mwezi, rupia chache tu, ulilipwa tikiti ikijaa, na tikiti haikufuata kalenda. Siku ya mvua haikuhesabiwa. Siku ya ugonjwa haikuhesabiwa. Siku ambayo nyapara aliona magugu yamebaki, kalamu haikushuka, na mtu alikuwa ameshinda juani bure. Mwezi wa siku 30 uliweza kuchukua siku 40 au zaidi. Ongeza viboko, unga mbovu, na mvua za kwanza nyumbani mke akiwa peke yake na jembe, utaelewa mtu aliyeamka usiku akaondoka na kuacha mshahara wake nyuma. Kwa jicho la sheria, aliyeibiwa katika usiku huo alikuwa mwajiri.

Magazeti sasa yalikuwepo. A. M. Jeevanjee alikuwa ameanzisha African Standard mjini Mombasa mwaka 1902; wanunuzi wake wakaliita East African Standard na kulihamishia Nairobi 1910. The Leader of British East Africa nalo lilikuwa mjini. Kurasa zao zilijaa malalamiko ya walowezi kuhusu vibarua. Lakini tangazo la mtindo wa Boston lisingeleta mtu. Wasomaji walikuwa wachache, Wazungu na Wahindi, na kwao kibarua hakuwa na sura wala jina la kukumbukwa. Mtu aliyeitwa Kamau Kabete aliweza kuwa Njoroge Limuru kesho yake, na mwajiri mpya hakuwa na sababu ya kudadisi maana naye alihitaji mikono. Utumwa wa Marekani ulimjua mtumwa mmoja mmoja kwa kuwa alinunuliwa kwa bei kubwa. Kibarua wa Kenya hakununuliwa, kwa hiyo hakujulikana, na kutojulikana huko kukawa ndiyo njia yake ya kutokea.

Mbele ya Tume ya Kazi ya Wenyeji ya 1912 na 1913, walowezi walirudia ombi lilelile: tupeni njia ya kumtambua mtu.

Vidole kumi, 1915–1921

Njia ilikuwa tayari, na ilitoka Bengal. Huko, katika miaka ya 1890, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wakifanya kazi chini ya Edward Henry, walibuni jinsi ya kupanga alama za vidole ili zitafutike ndani ya maelfu. London iliichukua 1901 kwa wahalifu. Afrika Kusini iliichukua kwa wafanyakazi wa migodini. Kenya, iliyokuwa na walowezi wengi kutoka Afrika Kusini, iliipitisha 1915 katika Sheria ya Usajili wa Wenyeji. Vita vikaichelewesha.

Vita vyenyewe vilikuwa somo. Makumi ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kwa nguvu kuingia Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo lililoachia Nairobi jina la Kariokor. Kila mmoja alipewa namba na kisahani cha kuvaa. Wengi sana walikufa kwa kuhara, njaa na uchovu huko Tanganyika. Serikali ilipomaliza vita ilikuwa imejifunza kuandikisha umati wa Waafrika kwa namba na kufuatilia nani yuko wapi.

Usajili ulianza 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina, kabila, wilaya, chifu wake, alama za vidole, kisha safu za waajiri. Fulani, kazi fulani, ameanza tarehe hii, mshahara huu, ameachishwa tarehe hii, sahihi. Karatasi ilikunjwa ndani ya kikopo cha bati kilichofungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kutembea bila hicho lilikuwa kosa.

Siri ya mtambo huu ilikuwa kwenye safu ya mwisho. Bila sahihi ya kuachishwa, hakuna mwajiri aliyeruhusiwa kumwandika mtu. Waajiri walipeleka taarifa za waliowaandika na waliowaachisha, na Ofisi ya Msajili Mkuu mjini Nairobi iliweka kumbukumbu ya kila mtu. Mwajiri alipotoa taarifa kwamba fulani ametoroka, kumbukumbu ya mtu huyo ilipigwa alama. Siku jina lake lilipojitokeza katika taarifa ya shamba jingine, hata kama ni maili 200 kutoka hapo, polisi walikuwa na anwani. Akidai kipande kimepotea na kutaka kingine kwa jina jipya, vidole vilimtaja.

Sandy wa Jefferson alitafutwa na tangazo lililochapishwa bila yeye kuwepo. Kibarua wa Kabete alilivaa tangazo lake mwenyewe. Zawadi haikuhitajika, maana kila askari, karani na mwajiri alikuwa msomaji wake wa lazima. Ninakubali kwamba kibarua hakuwa mtumwa: hakuuzwa, watoto wake hawakuwa wa bwana, na mkataba wake ulikuwa na mwisho. Tofauti hiyo ni kubwa na aliyeijua zaidi ni yule aliyetoka Rabai. Lakini katika hatua hii moja, ya kumtafuta na kumrudisha aliyeondoka, koloni la Kenya lilipata chombo ambacho wenye watumwa wa Virginia hawakuwahi kukiota.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa. Wazungu hawakusajiliwa hivyo. Wahindi hawakusajiliwa hivyo. Wanawake Waafrika hawakusajiliwa pia, na hilo litaonekana tutakapofika 1922.

Mpanga herufi wa gazeti la walowezi, 1921–1922

Harry Thuku alizaliwa 1895 karibu na Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamisheni, akaja Nairobi kijana. Aliwahi kufungwa kwa kughushi hundi. Alipotoka alipata kazi katika kiwanda cha The Leader, akipanga herufi za risasi za gazeti la walowezi. Fikiria kazi hiyo: malalamiko yote ya wenye mashamba kuhusu uvivu wa Mwafrika na utoro wake yalipita kwenye vidole vyake, herufi moja baada ya nyingine. Hakuna Mwafrika wa rika lake aliyejua vizuri kuliko yeye walowezi walitaka nini. Baadaye akawa mhudumu wa simu katika Hazina ya serikali.

Mambo matatu yalikutana 1921. Kipande kilikuwa kimeenea. Kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Na walowezi, bei za mazao zilipoporomoka, walitangaza kupunguza mishahara kwa theluthi. Tarehe 24 Juni machifu na wazee wa Kikuyu Association walikutana na maafisa wa serikali Dagoretti, si mbali na pale Lugard alipojenga boma lake, wakataja kipande miongoni mwa malalamiko yao. Walisema kwa adabu. Thuku, aliyekuwepo, aliona adabu haitoshi. Alikuwa ameshaanzisha Young Kikuyu Association mwezi huo, na Julai akaigeuza East African Association, iliyowakusanya watu wa makabila mbalimbali mjini. Karatasi zake zilichapishwa kwa msaada wa M. A. Desai wa gazeti la East African Chronicle. Kwenye mikutano yake aliwaambia watu vipande vikusanywe vikatupwe kwa gavana.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 na kuwekwa katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu na Hoteli ya Norfolk. Umati ulikusanyika, kesho yake ukaongezeka. Tarehe 16 wazee waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakawaomba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke asiye na kipande shingoni, akawasimanga kwa ishara nzito kabisa ya mama wa Kikuyu: akainua nguo yake, akawaambia wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk wakafyatua pia. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu wa chama walihesabu zaidi ya mara mbili ya hao.

Thuku alipelekwa Kismayu, hakurudi Kiambu hadi mwanzoni mwa 1931. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Kipande hakikuguswa. Serikali iliweza kuachia fedha, haikuweza kuachia uwezo wa kujua kila mtu yuko wapi. Leo barabara inayopita mbele ya Norfolk inaitwa Harry Thuku.

Mji wa kupitia, 1922–1950

Mambo ya miaka iliyofuata yanafanana, na nitayapita haraka. Nairobi ilijengwa kama mji ambao Mwafrika anapita kwenda kazini. Vijiji vya awali vya Waafrika, Maskini, Mombasa, Kileleshwa, vilibomolewa katika miaka ya 1920, na Pangani ikafuata 1939. Wakazi walisukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko. Anayeishi leo kwenye maghorofa ya Kileleshwa anaishi juu ya jina la kijiji kilichovunjwa. Upande wa magharibi ukabaki wa Wazungu, na Mwafrika aliyeonekana huko usiku alitakiwa kuonyesha kipande na barua ya bwana wake.

Walioandika kupinga walikuwepo hata miongoni mwa Waingereza. Norman Leys, daktari aliyefanya kazi nchini, na William McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa ujenzi wa serikali, walitoa vitabu katika miaka ya 1920 vilivyoianika sera ya kazi. Mwaka 1938 sheria mpya ya ajira ilichukua nafasi ya ile ya bwana na mtumishi, na 1939 Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha mkataba wa kuondoa adhabu za jinai kwa wafanyakazi wenyeji wanaovunja mikataba. Kipande kiliendelea kuning'inia.

Kilichokiangusha ni askari waliorudi kutoka Burma, vyama vya wafanyakazi, na Kenya African Union, ambayo Jomo Kenyatta aliiongoza kuanzia 1947. Tishio la kuvichoma vipande hadharani lilisikika tena. Serikali ikajibu kwa sheria ya 1947: kila mwanamume, wa rangi zote, asajiliwe kwa alama za vidole. Hapo ndipo kioja kilipotokea. Walowezi waliokuwa wameona wino wa vidole ni jambo la kawaida kwa miaka 30 walipiga kelele kwamba huko ni kudhalilishwa, kufanywa kama wahalifu. Mwaka 1950 Sir Bertrand Glancy aliletwa kuchunguza, na mwisho anayejua kusoma na kuandika akaruhusiwa kutia sahihi na kubandika picha badala ya vidole. Sijapata kuona ushahidi bora kuliko huo wa maana halisi ya kipande, na umetolewa na walowezi wenyewe.

Zawadi yarudi, 1952–1956

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, tangazo la zamani lilirudi kwa sura yake ya Boston. Serikali iliahidi pauni 500 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, na akatafutwa hadi tarehe 21 Oktoba 1956, alipopigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri.

Mjini Nairobi walirudia karatasi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 Jenerali Erskine aliuzingira mji kwa maelfu ya askari katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje na kupitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia kichwa kizima, matobo mawili tu ya macho, anayetikisa kichwa kukubali au kukataa. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kwenye kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Waliobaki walitakiwa kuwa na kitabu cha pasi. Kipande kilikuwa kimefutwa kwa wote na kurejeshwa kwa baadhi kabla wino wa sheria mpya haujakauka.

Karatasi zilizobaki

Baada ya uhuru usajili uliendelea kuwa wa wanaume hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, wanawake walipoingizwa. Mitaani bado utasikia mtu akisema amesahau kipande nyumbani, akimaanisha kitambulisho, na barabara inayokatiza Ngara kuelekea Museum Hill bado inaitwa Kipande Road.

Wamarekani wamefika mahali ambapo sisi hatujafika. Chuo Kikuu cha Cornell kinaongoza mradi uitwao Freedom on the Move, unaokusanya matangazo ya watoro kutoka magazeti ya zamani na kuyaweka wazi kwa yeyote, kwa maelfu. Karatasi zilizoandikwa na mabwana ili kuwakamata watu zimekuwa kumbukumbu kubwa ya watu hao: sura zao, ufundi wao, njia walizokimbilia. Kipande kinaweza kusomwa vivyo hivyo. Safu zake zinasema nani alifanya kazi wapi, kwa shilingi ngapi, kwa muda gani, na mahali sahihi ya kuachishwa inapokosekana, zinasema nani aliamka usiku akaondoka.

Jumba la Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue, katika jengo la iliyokuwa National Bank of India, na lina nyaraka za koloni za kutosha kumshughulisha mtafiti maisha yake yote. Vipande vyenyewe, hata hivyo, vilikuwa mali ya waliovivaa, na vingi vilichomwa, vilitupwa au vilizikwa pamoja na wenyewe. Vilivyosalia viko kwenye masanduku ya bati huko Kabete, Dagoretti, Kakamega, Machakos na Kisumu, chini ya hati za shamba na picha za harusi. Kama babu yako aliacha kimoja, kitoe, kipige picha pande zote mbili, andika kando yake jina lake na kijiji chake na lolote mzee alilowahi kusimulia, kisha wapelekee watu wa nyaraka nakala.